Ukoko wa Baharini na Swali la Kidato cha Kwanza

Mwaka jana kwenye mazoezi ya kufundisha, ile TP yetu, nilipangiwa shule moja ya kata nikapewa kidato cha kwanza, somo la Biolojia, mada ya uainishaji wa viumbe hai. Wenzangu wa Elimu mnaijua mada hiyo. Unaandika ubaoni ngazi zote kuanzia himaya hadi spishi, darasa linaimba, unafuta, linaimba tena. Mhadhiri akija kukukagua anakuta watoto wanajibu kwa sauti moja, naye anaondoka ameridhika. Mimi nilikuwa na desa langu safi kabisa, nililirithi kwa kaka mmoja wa mwaka wa tatu, na kila kitu kilikwenda vizuri mpaka siku ya tatu. Siku hiyo binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha mkono. Kiingereza kikamkatalia, akaomba aulize kwa Kiswahili: "Mwalimu, nani aliamua kwamba hii ni spishi moja na ile ni spishi nyingine?"

Nikamjibu, "Wanasayansi." Akasema ahsante mwalimu, akakaa.

Yaani alikaa kwa adabu tu. Uso wake ulionyesha wazi kwamba hajajibiwa, na mimi nilijua simjibu kwa sababu sijui. Nimesoma Biolojia tangu kidato cha kwanza mpaka chuo, nimefaulu maswali ya uainishaji sijui mara ngapi, na sikuwahi kujiuliza mtu anakaa wapi, anashika nini mkononi na anaandika nini mpaka spishi ambayo jana haikuwepo kwenye vitabu leo iwepo. Makala haya ni jibu la yule binti, limechelewa karibu mwaka mzima.

Jibu lenyewe nililipata kwa kupitia njia ya ajabu kidogo. Tuliporudi chuo, Jumapili moja tulikwenda ufukweni nikaokota ganda la chaza. Upande wa ndani lilikuwa na doa jeupe, na ukiliangalia kwa karibu unaona vijitundu vimepangwa kama wavu. Nikalipeleka maabara nikidhani ni chokaa au chumvi. Mama mmoja fundi wa maabara akaliweka chini ya hadubini, akaniita: "Njoo uone, mwanangu. Hiyo siyo chokaa. Hao ni wanyama, tena kijiji kizima."

Wanaitwa briozoa. Wako wanaosimama kama vichaka, lakini wengi wanatanda juu ya mwamba, ganda au jani la mwani, wamebana kama ukoko wa wali ulivyobana kwenye sufuria. Nitawaita briozoa wa ukoko. Kila kijitundu nilichokiona kilikuwa mlango wa kichumba, na katika kila kichumba aliishi mnyama mmoja anayeitwa zuidi. Wengi hawafiki milimita moja kwa urefu. Kichumba kimejengwa kwa kalsiamu kaboneti, ileile ya ganda la yai. Mnyama akitaka kula anafungua mfuniko, anachomoza taji la minyiri yenye vijinywele vinavyosukuma maji, na chembe za chakula zinaingia mdomoni. Utumbo wake umepinda kama herufi U: mdomo uko ndani ya duara la minyiri, tundu la haja liko nje ya duara. Nilicheka nilipoisoma, lakini hiyo ni sifa ya maana, kuna kundi jingine dogo la wanyama linafanana nao sana ila kwao matundu yote mawili yako ndani ya duara, na kwa hiyo waliwekwa mbali.

Koloni lote linaanza na mmoja. Mtoto, yaani lava, anaogelea, anatua, anageuka zuidi mwanzilishi, halafu anachipua wenzake, nao wanachipua wengine, mpaka doa linaenea. Wote ni nakala za yule wa kwanza kwa vinasaba, lakini hawafanani kazi. Katika spishi nyingi baadhi ya zuidi hawali kabisa. Mfuniko wao umekuwa taya linalofunguka na kufunga, mithili ya kichwa cha ndege, na jina lao avikularia limetokana na ndege kwa Kilatini. Hao wanalishwa na majirani zao. (Rafiki yangu wa Sosholojia aliposikia hilo akasema ni sawasawa na serikali ya wanafunzi. Sijasema mimi.) Wengine wana kichumba cha ziada kama kuba, mahali pa kulelea kiinitete. Kumbuka vitu hivi vitatu, mfuniko, avikularia na kuba la kulelea, maana ndivyo vitakavyotuamulia kesi.

Kabla sijaendelea, kuna jambo nadhani kila mwanafunzi wa chuo hiki angependa kulijua. Machi 1827, katika Chuo Kikuu cha Edinburgh, kijana wa miaka 18 aliyepelekwa na baba yake kusomea udaktari, na ambaye udaktari ulikuwa umemshinda, alisimama mbele ya chama cha wanafunzi kilichoitwa Plinian Society. Akaeleza kwamba vile vitu vilivyodhaniwa kuwa mayai ya Flustra vinaogelea vyenyewe kwa vijinywele, kwa hiyo ni lava. Flustra ni briozoa. Kijana yule ni Charles Darwin, na hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwasilisha ugunduzi wa kisayansi. Aliondoka Edinburgh bila shahada. Yaani alidisko, kwa lugha yetu, ingawa kusema kweli aliondoka mwenyewe.

Sasa twende kina kirefu, kwa sababu huko ndiko swali la yule binti linakuwa gumu. Ganda langu la chaza nikitaka nyingine nitarudi ufukweni Jumapili ijayo. Mtu anayechunguza briozoa wa mita 1,000 chini hana anasa hiyo. Mita 1,000 mwanga wa jua haufiki, na mgandamizo wa maji ni kama mara mia ule wa hewa tunayovuta hapa juu. Sampuli zinapatikana kwa meli kukokota chombo cha chuma chenye wavu kwenye sakafu ya bahari, kama kokoro, au siku hizi kwa roboti inayoongozwa kutoka melini. Kinachopanda juu ni mawe, vipande vya matumbawe na magamba, na juu yake huenda kuna ukoko wa ukubwa wa ukucha. Kipande hicho kinaweza kuwa ndicho pekee mwanadamu atakachokiona kwa miaka hamsini ijayo. Kwa hiyo maandishi yatakayoandikwa juu yake lazima yamtosheleze mtu ambaye hatakuja kumwona huyo mnyama.

Mfano niliousoma, na ambao uko wazi kwa yeyote mwenye bando, ni wa mwaka 2017 katika jarida European Journal of Taxonomy. Waandishi ni watatu: Björn Berning, Jean-Georges Harmelin na Beate Bader. Walieleza briozoa wapya wa kaskazini mashariki mwa Atlantiki, wanaotoka kwenye visiwa, mteremko wa bara, na milima ya chini ya bahari. Milima hiyo siyo midogo. Mmoja, Great Meteor, unaanza kwenye kina cha zaidi ya mita 4,000 na kilele chake kinaishia kama mita 300 chini ya uso wa maji. Jenasi mojawapo mpya waliiita Atlantisina, na spishi yake ya mfano ikawa Atlantisina atlantis.

Kilichonishangaza ni kwamba sehemu kubwa ya sampuli hazikuwa mpya. Zilikuwa zimekusanywa na safari za miaka ya nyuma zikakaa kwenye makabati ya makumbusho. Mimi nilikuwa na picha kichwani ya mzamiaji anayepiga kelele "nimepata spishi mpya!" Kumbe spishi mpya mara nyingi inapatikana kwenye droo, na anayeipata ni mtu aliyekaa kitini.

Anafanyaje? Kwanza anasafisha. Kipande kinalowekwa kwenye sodiamu haipokloraiti, na msishangae, ni dawa ileile iliyomo kwenye jiki tunayofulia mashati meupe. Jiki inakula nyama na ngozi, inaacha kichumba cha chokaa peke yake. Hapo ndipo penye mtego: mfuniko na taya la avikularia kwa kawaida si chokaa, kwa hiyo navyo vinaondoka. Ndiyo maana ukiwa na vipande vya kutosha, kimoja unakiacha bila kukisafisha. Kisha kilichosafishwa kinapakwa utando mwembamba wa madini, mara nyingi dhahabu, na kuingizwa kwenye hadubini ya elektroni. Hadubini hizo zilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 1960, na zilibadilisha kabisa fani hii. Mabonde na meno ambayo wazee wa zamani walichora kwa kubahatisha sasa yanaonekana kama picha ya mlima.

Baadaye ni kupima. Urefu wa zuidi, upana, urefu wa tundu la mlango, upana wake, idadi ya miiba inayozunguka mlango, avikularia iko upande gani na imeelekea wapi. Hupimi mmoja, unapima wengi, unatoa wastani na mkengeuko. (Wale mnaolalamika kwamba takwimu za mwaka wa kwanza hazina kazi, mnasikia?) Na ni lazima uangalie unapima wapi. Zuidi wa ukingoni mwa koloni ni vijana, wa katikati ni wazee, na chokaa ya wazee inaendelea kunenepa mpaka miiba na matundu yanafukiwa. Ukipima ukingo tu halafu mwenzako akapima katikati tu, mtatangaza spishi mbili kutoka koloni moja. Kosa hilo limefanyika kweli huko nyuma, si mara moja.

Halafu inakuja kazi ambayo mimi sikuijua kabisa, na sasa naamini ndiyo yenyewe: kulinganisha. Kuandika "ana miiba sita na avikularia moja kushoto" hakusaidii kama kuna spishi nyingine tano zenye hivyohivyo. Mwandishi lazima aonyeshe mnyama wake anatofautiana vipi na kila jirani wa karibu aliyekwisha kupewa jina. Majirani hao wameelezwa kwa Kifaransa, Kijerumani, Kiingereza, wengine mwaka 1880, kwa mistari minne na mchoro mmoja. Maelezo yakiwa hafifu unarudi kwenye kielelezo chenyewe, unakiomba makumbusho au unakifuata. Jenasi nyingine katika makala ile ya 2017 inaitwa Calvetopora, kwa heshima ya Louis Calvet, Mfaransa aliyeeleza briozoa wa safari za meli Travailleur na Talisman mwanzoni mwa karne iliyopita. Miaka zaidi ya mia imepita na bado wanabishana naye kwa kufungua droo zake.

Jina ndilo sehemu fupi, japo sisi darasani ndilo tunalolikaririsha. Kuna Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama. Majina yanahesabiwa kuanzia mwaka 1758, kitabu cha Linnaeus toleo la kumi. Kwa kawaida jina la kwanza kuchapishwa ndilo linaloshinda. Kwa spishi yoyote inayotangazwa baada ya 1999 mwandishi lazima aseme wazi kwamba ni mpya na aonyeshe kielelezo kinachobeba jina hilo, na akichagua kimoja kinaitwa holotaipu. Hapo si picha ya spishi nzima inayobebeshwa jina, ni kipande kile chenye namba ile katika kabati lile. Jina lililochapishwa bila maelezo linaitwa jina uchi, na halihesabiki.

Kuna kitu ambacho Mswahili anakielewa upesi kuliko wengine. Jina la spishi likiwa kivumishi cha Kilatini linafuata jinsia ya jina la jenasi: nyeupe itakuwa albus, alba au album. Spishi ikihamishiwa jenasi nyingine, mwisho wa neno unabadilika. Wengi wanaona ni mzigo. Sisi tunasema mtoto mweupe, kitabu cheupe, gari jeupe, tangu tunajifunza kuongea. Hiki ni kitu ningeweza kumwonyesha yule binti kwa dakika mbili ubaoni, na nilikuwa nacho mdomoni muda wote.

Kwa hiyo nani aliamua? Jibu langu sasa: mtu mmoja au wachache walidai, kwa maandishi, wakaweka ushahidi mahali ambapo mwingine anaweza kwenda kuukagua, na mpaka leo hakuna aliyewashinda. Ni dai. Wengi wameshindwa. Karne ya 19 briozoa wa ukoko chungu nzima walitupiwa kwenye jenasi moja, Lepralia, ikawa kama dampo, na kazi ya waliofuata imekuwa kuchambua dampo hilo na kuwatoa mmoja mmoja. Na kuna waliouliza swali zito zaidi: je, kutenganisha kwa kuangalia vichumba vya chokaa tu kunaaminika? Mwaka 1990 Jeremy Jackson na Alan Cheetham walichapisha jaribio lao katika jarida Science. Walilea watoto wa makoloni ya Karibi katika mazingira yaleyale, wakaangalia kama watoto wanafanana na wazazi kwa vipimo vya kichumba, wakakagua na protini zao. Makundi waliyoyapata kwa vipimo yalikubaliana na urithi. Kwa mwanafunzi wa Elimu hilo ni sawa na kuuliza kama mtihani wako unapima kile unachodai unapima.

Kwa nini ihangaikiwe hivyo? Kwa sababu lava wa briozoa wengi huogelea kwa saa chache tu, labda siku moja, kabla ya kutua. Hawezi kuvuka bahari. Mlima mmoja wa chini ya bahari ukiwa mbali na mwingine, kila mmoja unaweza kuwa na spishi zake ambazo hazipo kwingine kokote, na makala ile ya Atlantiki inatoa ushahidi wa jambo hilo. Ukiwaweka wote chini ya jina moja, utaamini mnyama huyo yuko kila mahali, na ukiharibu mlima mmoja kwa nyavu utasema hakuna kilichopotea.

Na huku kwetu? Mwaka 1901 na 1902 Cyril Crossland alikusanya viumbe wa bahari Zanzibar na pwani ya ile iliyoitwa Afrika Mashariki ya Waingereza. Briozoa wake walifika kwa Arthur William Waters, aliyechapisha maelezo yao London mwaka 1913 na 1914. Chupa zilisubiri zaidi ya miaka kumi. Kabla ya hapo, mwaka 1899, meli ya Kijerumani Valdivia ilipita pwani yetu ikichunguza kina kirefu, ikatia nanga Dar es Salaam. Mikusanyo yote hiyo iliondoka. Ya Waters iko Manchester. Mimi sina hasira na Waters, bila yeye tusingekuwa hata na orodha. Ila ina maana moja ya vitendo: ganda langu la chaza haliwezi kutangazwa kuwa lina chochote kipya mpaka mtu alilinganishe na vipande vilivyotoka Zanzibar vikaenda Uingereza. Nimeliweka kwenye kopo, nimeandika tarehe, ufukwe na nilikoliokota. Mama wa maabara alinifokea kwamba nilipaswa kuandika siku ileile.

Mwezi wa saba narudi TP. Nimeshaamua somo la uainishaji nitalianza vipi, na nimelijaribu chumbani hosteli na wenzangu watatu. Nilichukua vizibo kumi na viwili vya soda ya aina moja, nikakichagua kimoja kiwe holotaipu, mmoja akakieleza kwa maandishi, kikarudishwa kwenye rundo, mwingine akakitafute kwa kusoma tu. Maelezo ya kwanza yalisema: "Chekundu, cha bati, kina meno pembeni." Vyote kumi na viwili vilijitokeza. Wa pili akahesabu meno, akaandika 21 kwa kujiamini sana. Tukahesabu vingine: 21, 21, 21. Hiyo ni sifa ya ukoo mzima. Wa tatu, mwenzangu wa kitanda cha juu, akaandika habari ya mkunjo ulioachwa na opena, na kizibo kikapatikana mara moja. Tukashangilia. Halafu akauliza mwenyewe: lakini mkunjo si jeraha tu? Kingefunguliwa na opena nyingine si kisingekuwa nao? Yule wa pili akasema jeraha siyo sifa ya spishi. Wa kwanza akasema utajuaje ni jeraha kama una kizibo kimoja tu duniani. Wakaendelea hivyo mpaka saa sita usiku, mimi nimekaa kimya naandika walichokuwa wanasema.

Nahitaji vizibo kama mia mbili, vya kampuni mbalimbali, vya kutosha vikundi vinane. Nitavikwangua maandishi mwenyewe. Mwenye navyo asivitupe, aviache dirisha la kantini kwenye ndoo niliyoiandika "spishi".